Refa alimkatalia binti yangu kikapu. Kosa lilikuwa nini? Na huyu "namba nne" ni nani?

#1 Mama wa Makorora
Wadau, salaam.

Jumamosi jioni nilikwenda kumtazama binti yangu akicheza mpira wa kikapu, mechi ya shule kwa shule hapa Tanga mjini. Yuko kidato cha kwanza, ana miaka 13. Kikapu kakianza mwaka huu, shule ya msingi alikuwa netiboli. Mimi mwenyewe nimecheza netiboli mpaka naolewa, ila kikapu sikijui.

Robo ya mwisho, wako nyuma kwa pointi moja, muda unayoyoma. Binti kapokea pasi upande wa kulia, kadunda, kadunda tena, kasimama kaushika kwa mikono miwili anatazama huku na huku. Wenzake wanapiga kelele "rusha! rusha!" Akapiga hatua, akaruka, akarusha. Mpira ukagonga ubao, ukazunguka juu ya ringi, ukaingia. Mimi nimeshasimama napunga kanga. Kumbe filimbi ililia zamani. Refa akafanya ishara za mikono, mpira wakapewa wale, mechi ikaisha hivyo hivyo.

Usiku hakula. Ananiuliza "Mama, nilikosea nini?" Sina jibu la kumpa.

La pili: kocha anamwita namba nne, lakini jezi yake mgongoni ni 11. Ninavyojua mimi, kwenye mpira wa miguu namba nne ni beki wa kati. Naomba nielezwe taratibu, kama mtu anayeanza na moja.

#2 Mkonge Mrefu
Pole mama. Hizo ni stepu. Ukishadunda ukaushika mpira kwa mikono miwili, ruhusa ya kutembea nao imekwisha. Yeye alishika, akatazama, ndipo akapiga hatua. Refa yuko sawa.

#3 BarabaraYa15
Mkonge umekimbilia hukumu, kuna mambo mama hajaeleza. Nijibu kwanza la namba, maana hilo halina ubishi.

Kikapu kina watu watano uwanjani kwa kila timu, na kila nafasi ina namba yake ambayo haihusiani kabisa na jezi. Namba moja ni pointi gadi: ndiye anayeuleta mpira kutoka nyuma na kupanga nani aende wapi. Kwa lugha ya Mkwakwani, uwanja wetu wa mpira wa miguu, huyo ni kiungo mchezeshaji. Namba mbili ni shutingi gadi, mlengaji wa mbali. Namba tatu ni smoli fowadi, yuko pembeni, anaingia ndani, analenga, anakaba, kila kitu kidogo kidogo. Namba nne ndiye binti yetu, pawa fowadi. Kazi yake kubwa ni ribaundi, yaani ule mpira unaorudi baada ya mtu kukosa, na kuweka mwili ili mpinzani asipate njia. Namba tano ni senta, aghalabu mrefu kuliko wote, makazi yake karibu na ringi.

Usilinganishe na beki wa kati. Kikapu hakina mtu wa kubaki nyuma. Watano wote wanashambulia, mpira ukipotea watano wote wanakimbia kurudi kukaba. Kocha akimwita mtoto wa miaka 13 namba nne maana yake kaona haogopi kugongana. Mpe hongera.

#4 Nahodha Chumbageni
Barabara, "halina ubishi" umelitoa wapi? Hizo namba zenyewe ndizo zenye ubishi kuliko kitu chochote kwenye kikapu. Nitarudi, niko kazini.

#5 Filimbi Kavu
Mama wa Makorora, nimechezesha mechi za kikapu miaka mingi. Siwezi kumhukumu refa mwenzangu bila kujua alionyesha ishara gani. Mikono ya refa ndiyo maelezo yake kwa meza ya waandika pointi na kwa watazamaji, kila kosa lina ishara yake:

Ngumi mbili zikizungushwa mbele ya kifua, hizo ni stepu, kutembea na mpira. Viganja viwili vikipanda na kushuka kwa zamu kama mtu anayepigapiga, huko ni kudunda mara ya pili. Mkono umenyooshwa na vidole vitatu, ni sekunde tatu. Vidole vikigusa bega, ni muda wa sekunde 24. Ngumi ikielekezwa upande wa ringi ya timu iliyokosa, ni faulo ya mwenye mpira.

Ulimwona akifanya ipi?

#6 Mama wa Makorora
Ahsante mwalimu wangu. Mimi niliona mkono umenyooka na vidole. Vilikuwa vitatu au vitano siwezi kuapa, niko upande wa jua. Kaka yake alikuwa kwenye kona ya pili, anasema ngumi zilizunguka. Mpaka leo hatujaafikiana humu ndani.

#7 Mpemba wa Tanga
Kama ni vidole vitatu basi kazi imekwisha, ni sekunde tatu. Mchezaji wa timu yenye mpira haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu mfululizo ndani ya lile eneo lililochorwa chini ya ringi. Namba nne na namba tano ndio wanaonaswa humo kila siku, maana ndiko wanakofanyia kazi. Mama, kabla ya ile pasi alikuwa wapi?

#8 Mama wa Makorora
Karibu na ringi, kainua mkono anaomba mpira. Alikaa muda. Halafu akatoka kidogo kulia akapewa.

#9 Mpemba wa Tanga
Basi hapo hapo.

#10 Filimbi Kavu
Taratibu, Mpemba. "Akatoka kidogo." Akitoka na miguu yote miwili ikakanyaga nje, hesabu inafutika, inaanza upya akirudi. Tena mchezaji aliye mbioni kutoka refa humvumilia, na anayerusha vilevile. Kosa lingekuwa la sekunde tatu, filimbi ingelia akiwa bado kasimama mule na mkono juu. Hii ililia karibu na kurusha.

Ila mama kasema "vitatu au vitano". Vitano vina habari nyingine. Ukishika mpira bila kudunda, mpinzani akakukaba kwa karibu, ndani ya mita moja, una sekunde tano tu za kutoa pasi, kurusha au kuanza kudunda kama hujadunda. Binti alisimama akitazama huku na huku. Alitazama kwa muda gani?

#11 Mama wa Makorora
Kwangu mimi ilikuwa kama saa nzima.

#12 Binti Duga
Dada, mimi nafundisha netiboli shule ya msingi na nimesoma hadithi yako nikamwona mtoto wangu mle ndani. Hawa wanaotoka netiboli kwenda kikapu wana shida moja: mwili unakumbuka sheria za kule.

Netiboli hudundi ukasonga. Unadaka, mguu uliotua kwanza ndio mwenyeji. Unaweza kupiga hatua na ule wa pili, unaweza hata kuunyanyua ule wa kwanza, lakini usiurudishe chini kabla mpira haujakutoka. Na mpira una sekunde tatu mkononi, basi. Kwa hiyo wewe dada ulipoona vidole vitatu, kichwa chako cha netiboli kimekwambia "kakaa nao sana". Kikapu hiyo sekunde tatu ni ya kukaa eneo, haihusu kushika mpira. Jina moja, makosa mawili tofauti.

Na msishangae zinafanana. Netiboli imezaliwa na kikapu. Yule mwalimu James Naismith alipoanzisha mchezo huu Springfield, Marekani, Desemba 1891, alitundika vikapu vya kuvunia matunda na hakuruhusu mtu kukimbia na mpira hata kidogo. Unadaka, unarusha kutoka pale pale ulipodakia. Kudunda kulikuja baadaye. Netiboli ndiyo iliyobaki karibu na mzee wao.

#13 Kijana wa Kange
Binti Duga hiyo ya vikapu vya matunda naijua, ilikuwa ni ya pichesi, na walitumia mpira wa miguu. Wanasema mpira ukiingia ilibidi mtu apande kuutoa.

#14 Mkonge Mrefu
Nilisema stepu tangu post ya pili. Kaka mtu kaona ngumi. Mnazunguka mbuyu wa nini?

#15 Nahodha Chumbageni
Mkonge, stepu si kuamka tu na kusema stepu. Mchezaji wa kikapu anaruhusiwa hatua mbili. Mama kasema "akapiga hatua, akaruka". Hatua moja! Kikapu ni halali, mtoto kaonewa.

#16 Filimbi Kavu
Nahodha, hapo ndipo watu wengi wanapopotea, niruhusuni nikae kidogo.

Zile hatua mbili ni za mchezaji aliye mwendoni. Anakimbia, anaudaka mpira au anamaliza kudunda, mguu uliopo chini wakati anaukusanya mpira hauhesabiwi, halafu ana mguu wa kwanza, wa pili, auachie. Huo mguu usiohesabiwa vijana wanauita hatua sifuri, FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, waliuingiza kwenye kanuni mwaka 2017. Ndiyo maana mtu akitazama NBA, ligi ya Marekani, kwenye simu anahesabu hatua tatu na kulalamika.

Mchezaji aliyekwisha simama hana hatua mbili. Ana mguu mmoja uliopigiliwa msumari na mmoja ulio huru. Ule huru aupeleke popote, mbele, nyuma, azunguke kama bikari ya hisabati. Ule wa msumari ukinyanyuka anaweza bado kurusha au kutoa pasi, lakini ukigusa chini tena mpira ungali mkononi, ni stepu. Na kama anataka kuanza kudunda, mpira utoke mkononi kwanza ndipo msumari ung'oke.

Sasa swali: alisimamaje? Alitua na miguu yote miwili kwa pamoja, akachagua mwenyewe upi wa msumari? Au alitua mmoja kisha mwingine? Akitua mmoja mmoja, wa kwanza ndio msumari, hana hiari. Akapiga hatua na upi? Ukinijibu hilo nitakujibu lako.

#17 Mama wa Makorora
Mwalimu, nimekuelewa kuliko nilivyotarajia, lakini miguu yake sikuitazama. Nilikuwa natazama uso.

#18 Mzee wa Raskazone
Assalaam alaykum wanangu. Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Mnabishana miguu na vidole, hakuna aliyeuliza uwanja.

Viwanja vya shule vya saruji hapa mjini navijua, nimevicheza. Kuna kimoja kina rangi juu ya rangi. Chini kabisa kuna eneo la sekunde tatu la zamani, lile lililotanuka kuelekea mstari wa nyuma kama kofia ya taa. FIBA wakalibadilisha mwaka 2010 likawa mstatili, na mwaka huo huo mstari wa pointi tatu wakausogeza kutoka mita 6.25 hadi mita 6.75. Shule ikachora mpya bila kufuta ya zamani. Juu yake kuna nusu duara ya netiboli. Juu yake tena chokaa ya mbio za watoto. Mtoto mgeni akisimama pale anaona mistari kama nyavu za dema.

Mama, kama mechi ilikuwa kwenye uwanja wa namna hiyo, refa alihesabu mstari upi? Binti alitoka kwenye mstatili, lakini yawezekana mguu ulibaki ndani ya lile la zamani. Mwamuzi aliyezoea la zamani atampigia.

#19 Mpemba wa Tanga
Shikamoo mzee. Nimefufuka. Sekunde tatu bado hai.

#20 Mzee wa Raskazone
Marahaba. Hai, lakini si peke yake. Alikuwa upande wa kulia, mstari wa pembeni uko hapo. Watoto wa Tanga wamelelewa na mpira wa miguu, wanajua mpira ukiwa juu ya mstari bado uko ndani. Kikapu sivyo. Mstari wa mpaka ni nje. Ukiukanyaga kwa ncha ya kidole na mpira mkononi, umetoka. Nimepoteza mechi namna hiyo ujanani, na nilikuwa na viatu vya kuazima vilivyonizidi.

#21 Machungwa Muheza
Mzee hiyo ya mstari sikuijua, na nimecheza mwaka mzima. Ahsante.

#22 Nahodha Chumbageni
Nimerudi. Hatua mbili nakubali, Filimbi kanirekebisha. Ila la namba siliachi.

Barabara umempangia mama watu watano kama vyeo vya serikali. Mchezo wenyewe haujawahi kukaa hivyo. Magic Johnson alikuwa na kimo cha mita 2.06, hicho ni kimo cha namba nne au tano, naye alikuwa namba moja. Fainali ya NBA ya 1980, mwenzake Kareem Abdul-Jabbar kaumia, Magic akiwa mwaka wake wa kwanza akaanza mechi ya sita kama senta na akafunga pointi 42. Muggsy Bogues alikuwa mita 1.60, mfupi kuliko dada zetu wengi humu, akacheza NBA. Leo Nikola Jokić ni senta, lakini ndiye anayegawa mpira kama namba moja. Mtoto wa miaka 13 ukimwambia "wewe namba nne", unamfungia mlango. Mwakani akiongezeka kimo au wenzake wakimpita, atakuwa hajui kudunda.

#23 BarabaraYa15
Nahodha hao uliowataja ni watu wa pekee, ndiyo maana unawakumbuka. Mtoto anayeanza anahitaji kujua asimame wapi. Umewahi kuona timu ya watoto isiyo na nafasi? Wote kumi wanaufuata mpira kama kuku waliomwagiwa mtama. Namba ni mahali pa kuanzia. Akishajua kwake, ndipo atembee kwa majirani.

#24 Mkonge Mrefu
Kimo lakini kina kazi yake. Hasheem Thabeet wetu, mita 2.21, kachaguliwa wa pili kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba.

#25 Nahodha Chumbageni
Na wewe mwenyewe umejijibu, tazama huyo wa saba alifika wapi. Hasheem ni fahari yetu, Mtanzania wa kwanza kufika kule, sina neno. Lakini alianza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa. Angegusa mpira akiwa na miaka kama ya binti huyu, akadunda, akalenga, akacheza kila nafasi, tungesema mengine leo.

#26 Mkonge Mrefu
Hilo ni la kukisia. Mwili ule ungefundishwa vyovyote, kocha yeyote duniani angeuweka chini ya ringi.

#27 Kijana wa Kange
Naomba kuuliza kwa pembeni. Kwa nini zamani jezi za kikapu za mashindano ya kimataifa zilianzia namba 4? Niliambiwa 1 hadi 3 zimewekwa kwa ajili ya nafasi.

#28 BarabaraYa15
Mimi niliambiwa ni kwa sababu ya refa. Akionyesha kidole kimoja, viwili au vitatu meza isichanganye pointi na namba ya mchezaji.

#29 Mzee wa Raskazone
Sisi kocha alituambia ni ili akiba watoshe, 4 hadi 15 ni watu 12, timu nzima. Siku hizi wanavaa hata sifuri.

#30 Filimbi Kavu
Zote tatu nimezisikia mezani. Ya Barabara ndiyo inayosemwa sana. Kwa kanuni za sasa namba ni 0, 00 na 1 hadi 99.

Na hapo, Mama wa Makorora, fikiria: refa akimpigia mchezaji faulo, huionyesha meza namba ya jezi kwa vidole. Binti yako ni 11: ngumi moja na kidole kimoja, kwa mikono miwili. Je, vidole ulivyoviona havikuwa vya kutaja jezi?

#31 Mama wa Makorora
Subhanallah. Sasa mmeongeza la tano. Nimemuuliza kaka yake kama kulikuwa na mtu aliyeanguka. Anasema yupo, mtoto wa upande wa pili alikaa chini kitako. Lakini yeye anasema alianguka mpira ukiwa umeshatoka.

#32 Mpemba wa Tanga
Alianguka! Mama ungelisema hilo kwenye post ya kwanza tungelala mapema.

#33 Filimbi Kavu
Basi faulo ya mwenye mpira nayo imo. Mkabaji akiwahi kusimama mahali pake, kakuelekea, miguu yote iko chini, ukamwingia kifuani, kosa ni lako wewe unayeshambulia. Kikapu hakihesabiwi, mpira unakwenda kwao, na wewe unaandikiwa faulo. Ukifikisha tano unatoka na hurudi. NBA ni sita, hapa kwetu ni kanuni za FIBA, tano. Na inakubaliana na jambo moja: wale hawakupewa mitupo huru, walipewa mpira wa pembeni.

Lakini inakubaliana vilevile na stepu, na sekunde tatu, na sekunde tano, na mstari. Yote hayo adhabu yake ni mpira kwa wenzao. Tulichofuta kwa hakika ni kwamba binti ndiye aliyefanyiwa kosa.

#34 Kijana wa Kange
Na sekunde 24? Kila timu ikipata mpira ina sekunde 24 za kurusha. Mama kasema alisimama kama saa nzima.

#35 Mama wa Makorora
Saa ya kuhesabu 24 pale haikuwepo. Mwalimu mmoja alikuwa na simu mezani, ndiyo ya muda wa mechi.

#36 Mzee wa Raskazone
Bila saa hiyo hawakuhesabu 24. Na mjue kwa nini ipo. Zamani timu ikishaongoza inakaa na mpira mpaka watu waondoke. Mwaka 1950 Marekani kuna mechi iliisha 19 kwa 18. Watu wazima, wanaolipwa! Mwaka 1954 mwenye timu ya Syracuse, Danny Biasone, akapiga hesabu: mechi ni sekunde 2,880, mechi tamu ina mirusho 120 hivi, gawanya, 24. Hesabu ya darasa la nne imeuokoa mchezo.

#37 Ukhti wa Mikanjuni
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Mimi binti yangu anataka kujiunga lakini anavaa hijabu, na baba yake anasema kikapu hakiruhusu. Ni kweli?

#38 Binti Duga
Si kweli tena, mdogo wangu. Ilikuwa hivyo kwenye mashindano ya kimataifa, wadada wengi waliachwa nje. FIBA walibadilisha mwaka 2017. Kichwa kinafunikwa, uso uwe wazi, kitambaa kisiwe na pini wala kitu kigumu cha kumdhuru mwenzake, kisining'inie. Rangi iwe nyeusi, nyeupe au ile ya jezi, timu nzima wakubaliane moja. Mshonee ya kuvutika, ya kuvaa kwa kichwani moja kwa moja. Mwonyeshe baba yake ujumbe huu.

#39 Ukhti wa Mikanjuni
Allah akulipe kheri, dada. Nimemsomea sasa hivi. Kanyamaza, kwake hiyo ni nusu ya ndiyo.

#40 Machungwa Muheza
Na mpira wanunue namba 6, huo ndio wa wanawake. Namba 7 ni wa wanaume, mzito na mkubwa, vidole vya mtoto wa miaka 13 haviushiki vizuri. Mimi nilimfunza mdogo wangu kwa namba 7 mwaka mzima, akawa anarusha kutoka begani kama anatupa gunia. Kumtoa kwenye tabia hiyo kumetutesa.

#41 BarabaraYa15
Mama, binti walicheza na upi?

#42 Mama wa Makorora
Sijui namba. Ulikuwa mmoja, wa kiume na wa kike wote wanautumia huo.

#43 Nahodha Chumbageni
Basi na hilo liwekwe. Mtoto akiwa na mpira mkubwa hawezi kurusha pale alipo, lazima achukue hatua ya kujiongezea nguvu. Stepu zake zinaweza kuwa za mpira, si za miguu.

#44 Mkonge Mrefu
Kwa hiyo umekubali zilikuwa stepu.

#45 Nahodha Chumbageni
Nimesema "zinaweza".

#46 Mama wa Makorora
Wadau, mrejesho.

Leo baada ya alasiri tulikwenda uwanjani sisi watatu, mimi, yeye na kaka yake. Nilibeba chaki kutoka kwa jirani mwalimu. Mzee wa Raskazone, mistari ni kama ulivyosema, njano imefunikwa na nyeupe, na kwenye kona ya kulia saruji imemomonyoka, mstari wa pembeni umekatika kama hatua tatu hivi kisha unaanza tena.

Nikamwambia binti asimame alipodakia. Akasimama bila kufikiri. Nikazungushia chaki kila mguu alipoukanyaga. Akadunda mara mbili, akasimama. Mara ya kwanza akatua kushoto kisha kulia. Nikamwambia rudia. Akatua yote miwili kwa pamoja. Rudia. Kushoto kulia. Kaka yake anasema siku ile ilikuwa kulia kwanza. Yeye anasema "Mama, siku ile nilikuwa nakimbia, hapa natembea."

Akarudia mara nyingi sana mpaka chaki zikaingiliana. Mara mbili tatu aliruka vizuri, ule mguu wa msumari haukurudi chini, hata mimi niliona. Nilimweleza msumari wa mwalimu Filimbi, akacheka, akaanza kuzunguka nao pale pale kama pia ya kuchezea, anazunguka tu. Sijamwona akicheka tangu Jumamosi.

Kocha alipita na baiskeli akasimama kututazama. Nikamuuliza ishara ya refa. Anasema yeye aliona sekunde tano.

Adhana ya magharibi ikatukuta pale. Leo amekula.

#47 Mpemba wa Tanga
Sekunde tano! Kocha naye ana lake.

#48 Filimbi Kavu
Umefanya kazi nzuri mama. Akizoea kutua na miguu yote miwili kwa pamoja atakuwa na hiari ya msumari siku zote. Amwombe kaka yake amtupie pasi kila jioni, adake, atue, asimame. Kurusha kuje baadaye.

#49 Mzee wa Raskazone
Mama, hapo mstari ulipokatika kwenye kona. Chaki yake ya kwanza, pale alipodakia, ilikuwa ndani au nje?